Hema Isiyokuwa na Kiti



Wiki iliyopita, jua halijachomoza sawasawa, mama mmoja kijana alipiga hodi mlangoni kwangu. Mkononi alishika kuku wawili, jogoo na mtetea, vichwa chini, miguu imefungwa kwa upindo wa kanga kuukuu. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Karibu, keti." Hakuketi. Alisema anawahi gari la mnadani, ana neno moja tu la kuuliza. Mwanawe wa kiume, mwenye miaka sita, anaanguka kifafa. Mtumishi mmoja amemwambia kwamba ugonjwa ule unatoka kwenye madhabahu ya ukoo wa mumewe, na kwamba madhabahu ile haitanyamaza mpaka itolewe kafara ya kuishinda nguvu: shilingi laki tatu. Kuku wale, wakipata mnunuzi mwema, ni elfu hamsini. Basi akaniuliza, machozi yakimlengalenga: "Mungu atakubali nitangulize hizi, nyingine nimalizie nikishavuna?"

Nimefundisha dini zaidi ya miaka thelathini, na sikumbuki swali lililoniuma namna ile. Mtumishi yule sitamtaja wala sitalitaja kanisa lake. Kusudi langu ni swali lenyewe, kwa kuwa najua wako wengi wanaolibeba kimyakimya, na wengine wamekwisha kuuza zaidi ya kuku.

Tuanze na neno kafara. Kwetu neno hili limejaa hofu. Mfanyabiashara akitajirika ghafla kisha akafiwa na mtoto, mtaa mzima unanong'ona kwamba amemtoa kafara. Mkubwa ofisini akifukuzwa kazi kwa kosa la wengi, magazeti yanaandika kwamba ametolewa kafara, amekuwa mbuzi wa kafara. Kwa hiyo mhubiri anaposimama kanisani na kusema Kristo ni kafara ya dhambi zetu, msikilizaji aliyetoka mtaani anasikia lile la mtaani: kwamba juu kuna mwenye nguvu asiyeshiba, naye ili akuachie lazima alambe damu ya mtu. Hatusemi hivyo kwa midomo, lakini wengi tunaishi hivyo.

Neno lenyewe lina asili ya heshima. Kafara tumeipata kwa Kiarabu, na Kiarabu ni ndugu wa damu wa Kiebrania, lugha ya Agano la Kale. Mzizi wake ni ule ule ulio katika Yom Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi. Dhabihu ni ndugu wa zevah, mnyama aliyechinjwa. Madhabahu ni ndugu wa mizbeah, na maana yake ni mahali pa kuchinjia, basi. Sadaka ni ndugu wa tsedaka, ambayo kwa Kiebrania ni haki. Mswahili anayesoma Biblia yake anatembea katika nyumba ya jamaa zake bila kujua.

Lakini lipo moja linalonigusa kuliko hayo yote. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, jina la jumla la kila kinacholetwa mbele za Mungu, awe ng'ombe, awe njiwa, uwe unga, ni korban. Marko ameliacha neno hilo bila kulitafsiri katika sura ya 7 ya Injili yake. Mzizi wake ni kusogea, kuwa jirani, kufika karibu. Na hilo neno letu "karibu" limetoka katika mzizi huo huo kupitia Kiarabu. Kila siku tunalitamka mlangoni. Nilimwambia yule mama karibu, keti, na sikuwaza kwamba nimetamka ndugu wa neno la dhabihu.

Sasa ukilishika neno hilo, Walawi kinaanza kusomeka. Wengi hukiruka kitabu hiki. Wanaanza Januari kusoma Biblia nzima, wanafika Kutoka vizuri, wanaingia Walawi, wanakutana na mafigo na mafuta ya kondoo, wanafunga kitabu. Naomba tusikikimbie. Kwanza tazama kimewekwa wapi. Kimewekwa baada ya Kutoka. Watu hawa wamekwisha kuvushwa bahari. Farao amekwisha kushindwa. Hawakuambiwa wachinje ng'ombe kadhaa ndipo watolewe utumwani. Walitolewa, wakalishwa mana, wakapewa agano, ndipo wakafundishwa namna ya kuishi jirani na Mungu aliyepiga hema katikati ya kambi yao. Na katika sura ya 17 Mungu mwenyewe anasema kwamba uhai wa kiumbe umo katika damu, na kwamba damu hiyo yeye ndiye aliyewapa juu ya madhabahu kwa ajili ya upatanisho. Yeye ndiye aliyewapa. Mataifa jirani yalidhani yanawalisha miungu yao. Israeli waliambiwa kwamba hata hicho wanachokileta wamepewa na yule wanayemletea.

Na tazama bei. Sura ya 5 inasema mwenye kosa alete kondoo jike au mbuzi jike. Asiyeweza, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Naye asiyeweza hata hao, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga safi, ambayo ni kama lita mbili hivi, bila mafuta, bila ubani. Unga! Hauna damu, lakini atasamehewa sawa na mwenye kondoo. Sheria ile tunayoiita ngumu iliteremka hatua kwa hatua mpaka ikafika sakafuni kwa maskini. Mtu akikupandishia bei ya msamaha kwa sababu mwanao anaumwa, amekwenda kinyume hata na Walawi, achilia mbali Injili.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye usiku wa Pasaka kule Misri. Kuna jambo katika Kutoka sura ya 12 ambalo tunalipita mbio. Mwana-kondoo au mwana-mbuzi, dume wa mwaka mmoja, asiye na kilema, alichukuliwa siku ya kumi ya mwezi, lakini alichinjwa siku ya kumi na nne. Siku nne zote hizo mnyama yuko nyumbani. Maandiko hayatoi sababu, nami nasema ninavyodhani tu, kutokana na jambo lililonipata utotoni.

Nilikuwa na miaka minane. Baba alileta mbuzi wa Krismasi wiki moja kabla ya sikukuu, mweupe, mwenye doa jeusi juu ya jicho. Akamfunga kwenye mpera uani. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumlisha: maganda ya ndizi, majani ya viazi, maji kwenye sufuria lililokatika mpini. Siku ya pili akaanza kunijua hatua zangu. Siku ya tatu nikamwekea chumvi kiganjani akairamba, na ulimi ule wa kukwaruza nausikia mpaka leo. Dada yangu akampa jina. Asubuhi ya mkesha, baba aliponiita nimshike miguu ya nyuma, nilikimbilia nyuma ya banda la kuku nikaziba masikio. Nyama sikuila. Baba hakunigombeza, aliniwekea mkono begani akanyamaza.

Watoto wa Kiebrania, nadhani, walipata siku nne za namna hiyo. Damu iliyopakwa kwenye miimo ya mlango ilikuwa ya mnyama waliyemjua. Kitu kilichokufa badala ya mzaliwa wa kwanza wa nyumba ile kilikuwa kimelala ndani ya nyumba ile. Mtu aliyepita hapo hawezi kuona dhabihu kama noti unayotoa mfukoni na kupewa chenji. Alifundishwa kwamba kuvuka kwake kumegharimu uhai, na uhai huo ulikuwa na macho.

Turudi nyuma zaidi, mlimani Moria. Habari hii ndugu zetu Waislamu nao wanaikumbuka kila mwaka katika Idi ya kuchinja, ingawa wengi wao husema mtoto alikuwa Ismaili. Katika Mwanzo sura ya 22 ni Isaka. Mwendo wa siku tatu. Baba amebeba moto na kisu, mwana amebeba kuni. Njiani mtoto anauliza swali: moto upo, kuni zipo, mwana-kondoo yu wapi? Mzee Ibrahimu anajibu kwamba Mungu mwenyewe atajipatia. Mnajua kilichofuata. Mkono umekwisha kuinuliwa, sauti ikauzuia, na nyuma yake kondoo dume amenaswa pembe kichakani.

Soma tena polepole. Mtoto aliulizia mwana-kondoo. Aliyekuja ni kondoo dume. Swali la Isaka halikujibiwa lote siku ile. Linabaki wazi, linapita kwa Musa, linapita kwa Daudi. Mambo ya Nyakati cha pili kinasema Sulemani alilijenga Hekalu juu ya mlima huo huo wa Moria, na hapo wakachinjwa wanyama wasiohesabika, na bado swali lile linaning'inia. Mpaka siku moja kwenye ukingo wa Yordani Yohana Mbatizaji anamwona mtu akija, ananyoosha kidole na kumwita Mwana-kondoo wa Mungu. Neno hilo, wa Mungu, limebeba uzito wote. Ndiye yule ambaye Ibrahimu alisema Mungu atajipatia.

Kuna jambo jingine ambalo Moria inalisema, na kwa watu wa Afrika Mashariki nina wajibu wa kulisema kwa sauti. Mkono ulizuiwa. Katika dunia ya Ibrahimu walikuwapo waliowapitisha watoto motoni, na baadaye Yuda yenyewe ilifanya hivyo katika Bonde la Hinomu, nje tu ya Yerusalemu. Nabii Yeremia katika sura ya 7 anaeleza jinsi Mungu alivyolitazama jambo hilo: hakuliagiza, wala halikuingia moyoni mwake. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Walikuwa Wakristo waliofundishwa kujinyima chakula mpaka kufa ili wakakutane na Yesu, na wengi katika hao walikuwa watoto ambao hawakuchagua chochote. Nimewahi kumsikia mtu akisema wale angalau walikufa kwa imani. Hapana, ndugu yangu. Imani ya Ibrahimu ilimalizika mtoto akishuka mlimani kwa miguu yake mwenyewe. Yeyote anayeitaja Biblia huku mtoto anakonda mbele yake hajaisikia ile sauti ya Moria.

Manabii waliofuata, Amosi, Hosea, Mika na Isaya, walipiga kelele kwamba Mungu amechoka na harufu ya nyama choma ya watu wanaowapunja maskini mizani. Hilo mnalijua, sitakaa hapo. Niseme tu kwamba hawakuifuta dhabihu, waliisukuma mbele. Na katika Isaya sura ya 53 pazia linainuliwa kidogo: anayepelekwa machinjioni kama mwana-kondoo, kimya, safari hii ni mtu, tena mtumishi wa Mungu mwenyewe, amebeba makosa ya wengi.

Kwa nini Mungu apite njia ndefu namna hii? Kwa nini asitume Mwana-kondoo siku ile ile Isaka alipouliza? Swali hili ni la zamani. Katika karne ya pili, mtu aitwaye Marcion alifika Roma akifundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale, wa damu na sheria, ni mwingine, na Baba wa Yesu ni mwingine. Kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144. Miaka kama arobaini baadaye, Irenaeus, askofu wa Lyon, aliandika vitabu vitano dhidi ya mafundisho ya uongo, na alichokishikilia sana ni kwamba Mungu ni mmoja na mpango wake ni mmoja. Neno la Kigiriki alilolipenda ni oikonomia, ambalo Paulo analitumia katika Waraka kwa Waefeso. Maana yake ya kwanza ni ya nyumbani kabisa: namna mwenye nyumba anavyoiendesha nyumba yake, nani ale nini, lini, ghala lifunguliwe siku gani.

Mimi nikilisikia neno hilo namwona bibi yangu. Juu ya moto wake yalining'inia mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Mwaka wa njaa tulikuwa tunayatazama tukiwa tumelala, matumbo yakinguruma, na hatukuthubutu kuyaomba. Mtoto hajui kwamba yale yaliyo juu ndiyo mwaka ujao. Bibi alijua, naye alilala na njaa ile ile. Irenaeus anasema hivyo kwa namna yake: wanadamu walikuwa wachanga, Mungu akawalea kwa hatua, chakula kigumu kikangoja meno. Na Paulo anawaambia Wagalatia kwamba ulipofika ukamilifu wa wakati, ndipo Mungu alipomtuma Mwanawe, amezaliwa na mwanamke.

Huyo mwanamke tumtazame kidogo. Luka sura ya 2: siku za utakaso zimetimia, Mariamu na Yusufu wanapanda Yerusalemu na mtoto. Sheria ilimtaka mama alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja, na asipoweza, ndege wawili. Luka anataja ndege. Hawakuwa na uwezo wa kondoo. Basi yule mama anapita katika ua wa Hekalu, amezungukwa na watu wanaovuta kondoo wao, mkono mmoja ameshika ndege wawili, mkono wa pili amempakata Yeye. Nilimweleza yule mgeni wangu wa asubuhi habari hii. Aliwatazama kuku wake muda mrefu.

Sasa nifike kwenye hema. Fungua Kutoka kuanzia sura ya 25 uhesabu samani za ile hema ya kukutania. Uani: madhabahu ya shaba na birika la kunawia. Ndani: meza ya mikate, kinara cha taa saba, madhabahu ya uvumba. Nyuma ya pazia: sanduku la agano. Mafundi wameelezwa kila kitu, vipimo, aina ya mti, idadi ya vikombe vya kinara. Kiti hakuna. Najua mtaniambia kiti cha rehema kipo. Hicho ni kifuniko cha dhahabu cha lile sanduku. Watafsiri wetu wamekiita kiti, lakini hakuna kuhani aliyewahi kukikalia. Kwa Kiebrania ni kapporet, na mzizi wake ni ule ule wa kafara.

Kuhani hakuwa na pa kuketi kwa sababu kazi yake haikuwa na mwisho. Asubuhi kondoo, jioni kondoo, na katikati watu wanakuja na mizigo yao. Mara moja kwa mwaka, siku ya kumi ya mwezi wa saba, kuhani mkuu alivua mavazi yake ya fahari, akavaa kitani nyeupe, akaingia peke yake nyuma ya pazia na moshi wa uvumba, na damu ya ng'ombe kwa dhambi zake yeye, kisha damu ya mbuzi kwa dhambi za watu. Mbuzi walikuwa wawili na kura ilipigwa. Mmoja alichinjwa. Wa pili aliwekewa mikono yote miwili kichwani, yakaungamwa juu yake maovu yote ya Israeli, akapelekwa nyikani na mtu aliyewekwa tayari, akaachiliwa. Huyo ndiye mbuzi wa kafara ambaye magazeti yetu yanamtaja. Watu walisimama wakamwona anapungua, anakuwa nukta, anapotea, na dhambi zao kichwani. Ilikuwa siku kuu kuliko zote. Mwaka uliofuata, tarehe ile ile, ikarudiwa.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania ameliona jambo hili kwa jicho kali. Katika sura ya 10 anasema kila kuhani husimama siku kwa siku akitoa dhabihu zile zile ambazo haziwezi kamwe kuondoa dhambi. Lakini huyu, yaani Kristo, alipokwisha kutoa dhabihu moja kwa ajili ya dhambi, aliketi mkono wa kuume wa Mungu. Aliketi. Kitenzi kimoja, na karne zote za kusimama zikapata pumziko.

Wanateolojia wamejadili jinsi kifo cha Kristo msalabani kinavyotuokoa. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alieleza habari ya heshima ya Mungu iliyovunjwa na deni ambalo mwanadamu alidaiwa na Mungu pekee aliweza kulilipa. Gustaf Aulén wa Sweden, katika karne ya 20, akawakumbusha watu kwamba mababa wa kanisa walihubiri zaidi ushindi: Kristo akizivunja nguvu za giza. Wote wawili wameshika kitu cha kweli. Ninachokikataa kwa moyo wangu wote ni ile picha inayochorwa mimbarini ya Baba mkali anayetaka damu na Mwana mpole anayemtuliza. Paulo anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Yesu katika Yohana sura ya 10 anasema uhai wake hakuna amwondoleaye, anautoa mwenyewe. Pale Kalvari Mungu ndiye anayetoa. Na Yesu alipokata roho, Marko anasema, pazia la Hekalu lilipasuka toka juu hata chini. Mkono wa mwanadamu ungeanzia chini. Tangu hapo mlango umesema karibu.

Mwaka 70 majeshi ya Roma yakalichoma Hekalu, na madhabahu ile ikakoma. Je, Mkristo hana tena cha kutoa? Anacho. Waebrania sura ya 13 inakitaja: sifa za midomo, na kutenda mema na kushirikiana, maana dhabihu kama hizo zinampendeza Mungu. Wakatoliki wanasema Sadaka ya Misa, Waprotestanti wengi wanasema Chakula cha Bwana, na ubishi wao ni mrefu, lakini pande zote mbili zinakiri kwamba Kalvari hairudiwi. Mkristo hutoa kwa kuwa ameshapokea. Unaleta kikapu cha mahindi kama mtoto anavyompelekea mama yake andazi alilonunua kwa pesa aliyopewa na mama huyo huyo.

Niliwahi kusimama Mkunazini, Unguja, ndani ya Kanisa Kuu la Kristo. Soko la watumwa lililokuwa pale lilifungwa mwaka 1873 na Sultani Barghash chini ya mkataba na Waingereza, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere, aliyekitumikia sana Kiswahili, aliusimamia ujenzi, na amezikwa nyuma ya madhabahu. Mbele ya madhabahu hiyo kuna duara la marumaru nyeupe lenye ukingo mwekundu. Inasimuliwa kwamba hapo ulikuwa mti wa kuwachapia watumwa, ili kupima nani ana nguvu ya kuuzwa bei ya juu. Nilivua viatu bila kuambiwa. Hapo watu walitolewa kafara kwa ajili ya mashamba na utajiri wa watu wengine, na sasa hapo hapo mkate unamegwa, na maskini ananyoosha kiganja kupokea, wala haulizwi ana shilingi ngapi.

Hayo yote sikumwambia yule mama. Asubuhi moja haiyabebi. Nilimwambia habari ya unga, nikamwambia habari ya ndege wawili, nikamwambia habari ya hema isiyokuwa na kiti na Kuhani aliyeketi. Alisikiliza ameegemea mwimo wa mlango, kuku mkononi. Kisha akauliza, "Kwa hiyo zile laki tatu?"

"Hudaiwi, mwanangu."

"Hata elfu moja?"

"Hata senti. Na kifafa kina dawa. Kuna vidonge, atameza kila siku bila kuruka. Hospitali ya wilaya wanavyo. Tukimaliza kuongea nitakuandikia jina la kliniki na siku yake."

Akanyamaza. Nje gari la mnadani lilipiga honi mara mbili, likaondoka. Akasema jogoo atamuuza hapa hapa kijijini apate nauli ya hospitali. Mtetea ana mayai karibu, atarudi naye, na yakitoka atampelekea jirani yake aliyejifungua juzi, hana hata wa kumchemshia uji. Akainama akafungua kile kipande cha kanga. Kuku wakabaki wamelala kidogo sakafuni, kama hawajaamini, kisha wakakung'uta mabawa wakaanza kudonoa makombo chini ya meza.

Ndipo akavuta kigoda, akaketi. Mke wangu akaleta chai.